Mwanya wa Pikseli Moja

Kuna ombi ambalo kila mtu anayefanya kazi za grafiki Nairobi amelisikia mpaka akalizoea: "Nikuzie hii picha, lakini isiharibike." Picha yenyewe huwa imepitia simu nne, grupu tatu za WhatsApp na status ya mtu fulani, na kila ilikopita ilibanwa kidogo. Anayeomba hana makosa. Anadhani ukubwa wa picha ni kama sauti ya redio: sauti ipo tayari, ni wewe tu hujaipandisha.

Mimi ni mwandishi, lakini makala hayalipi kodi ya nyumba kila mwezi, kwa hivyo natengeneza pia mabango, kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Katika kazi hii ya pembeni nimekutana na swali ambalo sikulisikia chuoni, ingawa kabla sijaacha masomo mwaka wa pili nilihudhuria mihadhara kadhaa ya falsafa. Swali ni hili: ukijaza pengo la kitu usichokijua, je, umesema uongo? Na kama ni uongo, ni wa nani? Wako, wa mashine, au wa yule aliyekuomba ujaze?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu swali lenyewe halieleweki.

Picha ya simu ni jedwali la vimraba. Kila kimraba, yaani pikseli, kina rangi moja tu. Picha ya pikseli 1600 kwa 1200 ina vimraba 1,920,000, na hiyo ndiyo mali yake yote. Rezolusheni ya kuchapisha ni jambo lingine. Hapo tunauliza vimraba vingapi vitapangwa ndani ya inchi moja ya karatasi. Wachapishaji hupenda 300. Sasa fungua Photoshop, nenda kwenye dirisha la ukubwa wa picha, utakuta kisanduku cha kutia tiki. Ukiondoa tiki, unaweza kubadilisha 72 iwe 300 na hakuna pikseli hata moja itakayoongezeka wala kupungua. Kinachobadilika ni upana wa picha ikifika kwenye karatasi. Ni kama donge la chapati: ukilisukuma lienee, linakuwa jembamba; ukilikusanya, linakuwa nene; unga ni ule ule. Ndiyo maana mteja anayekuambia "Nimeshaiweka 300, sasa iko HD" hajafanya kitu. Amelipa donge jina jipya.

Ukirudisha tiki, mambo yanageuka. Sasa unaiambia programu ihesabu pikseli upya, na zikipungua ijitafutie nyingine. Itazitoa wapi? Kwa zile mbinu za zamani, inauliza majirani. Mbinu rahisi kabisa inanakili jirani mmoja aliye karibu zaidi, na hiyo ndiyo huleta zile ngazi-ngazi kwenye kingo za picha. Nyingine inauliza majirani wanne kisha inachukua wastani. Nyingine, ambayo wengi wetu tumeitumia kwa miaka bila kujua jina lake, inauliza majirani 16. Picha inatoka na ukungu. Watu huulaumu huo ukungu, lakini mimi nimeanza kuuheshimu. Programu imeulizwa jambo isilolijua, ikauliza majirani, majirani nao hawakuwa na uhakika, na majibu yakaja hivyo hivyo, bila kujifanya.

Kupunguza picha nako kuna gharama yake, ila haionekani. Pikseli nne zikigeuzwa moja, rangi zao zinachanganywa kuwa wastani, na wastani haurudi nyuma. Ukiambiwa watu wanne wanapata kwa wastani shilingi 30,000 kwa mwezi, huwezi kujua nani anapata 5,000 na nani anapata 80,000. Ukisevu picha ndogo juu ya ile ya asili, umepoteza majina ya wale wanne. Hakuna kitufe cha kuwarudisha.

Au ndivyo ilivyokuwa. Sasa kuna programu za akili bandia zinazodai kuwarudisha. Mwaka 2021 kampuni ya Adobe ilitoa kifaa kinachoongeza upana na urefu wa picha mara mbili, yaani pikseli mara nne, na leo kuna app za bure kwenye simu zinazoahidi makubwa kuliko hayo. Programu hizi haziishii kwa majirani. Zimefunzwa kwa picha chungu nzima za watu wengine na vitu vingine, na zikifika kwenye pengo zinajiuliza: mahali kama hapa, kwa kawaida huwa kuna nini? Kisha zinaweka hicho cha kawaida, kwa makali na kwa kujiamini. Ukungu unaisha. Jirani ameondolewa kwenye kikao na mahali pake amekaa mgeni.

Mwaka jana niliandaa kijitabu cha mazishi cha kijana wa miaka 24. Picha ya pekee ambayo familia ilikuwa nayo akitabasamu ilitoka kwenye harusi ya binamu yake, watu kama 20 wamejipanga safu mbili. Nilipomkata yeye peke yake, kichwa na mabega, nilibaki na pikseli 210 kwa 297. Familia ilitaka picha ya A3 ya kubebwa mbele ya jeneza. A3, kwa pikseli 300 kwa inchi, inahitaji 3508 kwa 4961. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila pikseli moja iliyotoka kwenye kamera, zaidi ya 270 zilipaswa kutoka kwingine.

Nikaitia kwenye programu ya kukuza. Sekunde chache tu. Uso ukatoka safi mpaka unashtua: ngozi laini, nyusi unaweza kuzihesabu unywele mmoja mmoja, meno yamepangika kama ya tangazo. Mama yake akaitazama skrini, akasema, "Asante, mwanangu," akaanza kulia. Shangazi akasema amependeza. Dadake mdogo alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na mwanya yake iko wapi?"

Haukuwepo. Nikarudi kwenye picha ya asili, nikaivuta mpaka vimraba vikaanza kuonekana. Uso wote ulikuwa na upana wa pikseli 84. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita kama 14, kwa hivyo mwanya wa milimita mbili ulistahili kupata pikseli moja, na chenji kidogo. Nayo ilikuwepo: kimraba kimoja chenye giza kuliko wenzake, kati ya meno ya mbele. Programu ilikipita kama uchafu. Meno ya kawaida hayana mwanya, na programu inajua ya kawaida. Huku kwetu mwanya ni urembo, mtu anasifiwa kwa ajili yake tangu utotoni. Kwenye wastani, ni doa.

Dada akavuta kiti akakaa kando yangu. "Juu kidogo. Hapana, si pana hivyo." Shangazi akaingilia: "Haikuwa hapo, ilikuwa katikati kabisa, kama ya babake." Dada akajibu, "Shangazi, mimi ndiye nilikuwa naishi na yeye." Wakabishana karibu robo saa. Wakatoa simu, wakatafuta video, wakapata moja ya sekunde tano ambayo mdomo wake haukuonekana vizuri. Mwishowe mama akaamua: kushoto, kidogo tu. Nikauchora kwa mkono, kwa brashi ndogo, na wote watatu wakakubali kwamba sasa ni yeye.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Mwanya ule wa mwisho haukutoka kwenye kamera. Niliuchora mimi, mtu ambaye sikuwahi kumwona huyo kijana akiwa hai. Kwa kipimo cha pikseli, ni wa kubuniwa sawasawa na yale meno ya tangazo. Kwa nini basi yale meno yalikuwa uongo na mwanya huu hakuna aliyeuona uongo?

Jibu la haraka ni kwamba kumbukumbu ya familia ni sahihi kuliko mashine. Silikubali hilo. Kumbukumbu nayo inajaza mapengo, tena bila aibu. Muulize nyanya yako jinsi babu alivyomposa, halafu umuulize tena baada ya miaka mitatu. Huenda dada alikosea. Huenda shangazi ndiye aliyekuwa sahihi na mwanya ulikuwa katikati. Sijui, na hakuna pikseli ya kutuamua.

Jibu langu ni kwamba dada alikuwa shahidi. Alikuwa anazungumza kuhusu mtu huyu, na angeweza kuulizwa: umejuaje, ulikuwa wapi, mbona shangazi anasema vingine? Kule kubishana kwao hakukuwa kelele ya kupitisha muda. Ndiko kulikokuwa kukitafuta ukweli, kwa njia ya pekee iliyobaki. Programu haikubishana na mtu. Haikuwahi kumwona. Ilichosema kilikuwa kweli kuhusu watu wengi na uongo kuhusu mmoja, na aliyekufa ni huyo mmoja.

Usidhani hili ni jambo la meno tu. Juni 2020 watu mtandaoni walichukua picha ya Barack Obama iliyopunguzwa mpaka ikawa vimraba vichache, wakaitia kwenye programu inayoitwa PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Programu hiyo inaweza kuchukua uso wa pikseli 16 kwa 16 na kukurudishia wa 1024 kwa 1024. Kila pikseli moja inazaa 4,096. Ikarudisha uso wa mwanamume mzungu, safi kabisa, asiyekuwepo popote duniani. Mtu ambaye babake alitoka Kogelo, ambaye hapa Kenya hata mtoto angemtambua kwenye vile vimraba, aligeuzwa mtu mwingine kwa sababu nyuso zilizoifunza mashine nyingi zilikuwa za aina nyingine. Watafiti walieleza kwamba programu yao hubuni nyuso na haifai kumtambulisha mtu. Walisema kweli. Shida ni kwamba picha ikishatoka haitembei na onyo lake.

Tena, pengo likijazwa kwa usafi ni hatari kuliko likiachwa na ukungu. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta Mjerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nakala. Kwenye ramani ya jengo, chumba cha mita mraba 21.11 kilitoka kwenye mashine kikiwa 14.13. Ili faili iwe ndogo, mashine ilikuwa inatafuta vipande vinavyofanana, inahifadhi kimoja, na kukirudia mahali pa vingine. 6 ikawa 8 bila hata kovu. Nakala chafu ingekufanya ukaze macho na uulize. Hii ilikuwa nadhifu, kwa hivyo ukaiamini. Kampuni ilikiri tatizo na kutoa marekebisho. Lakini fikiria ni karatasi ngapi zilikuwa zimeshapigwa muhuri.

Sheria yetu inalielewa jambo hili kuliko app nyingi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kinachohusu rekodi za kielektroniki mahakamani, kinazungumzia cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayewajibika kwa kifaa kilichotoa rekodi hiyo. Angalia hapo: mtu. Kifaa chenyewe hakitoshi, lazima kuwe na jina na sahihi, mtu wa kuulizwa. Mwaka 2024 jaji mmoja katika jimbo la Washington, Marekani, alikataa video iliyokuzwa kwa akili bandia kwenye kesi ya mauaji, kwa sababu mbinu hiyo ilionyesha kile ambacho programu inadhani kinapaswa kuonekana. Mahakama inataka kujua nani aliona.

Najua utaniambia mazishi si mahakama. Mama alikuwa ameshafarijika. Kama dada asingeuliza, picha ingechapishwa, watu wangelia, maisha yangeendelea. Nani angeumia?

Nimelifikiria hili kuliko mengine yote, na sitaki kulijibu kwa wepesi, kwa sababu faraja ya mama aliyefiwa si kitu kidogo cha kuvunjwa na kijana wa kompyuta anayetaka kuonekana mwadilifu. Lakini mama hayuko peke yake kwenye hii picha. Kuna aliyelala kwenye jeneza, ambaye hawezi kusema "huyo si mimi." Na kuna watoto ambao bado hawajazaliwa, watakaomjua mjomba wao kwa picha iliyo ukutani tu. Picha safi huishi kuliko picha chafu. Ndiyo itakayoforwadiwa, ndiyo itakayowekwa kwenye fremu, ile ya harusi itafutwa siku simu ikijaa. Baada ya miaka kumi hata dada, akifunga macho, ataona meno yaliyopangika. Ndivyo picha zinavyofanya kwa kumbukumbu: zinakalia kiti chake. Mama angefarijiwa leo kwa uso wa mgeni, na polepole yule mgeni angemfukuza mwanawe nyumbani.

Kwa hivyo kujaza pengo si dhambi. Tungekuwa tunatenda dhambi kila tunapofumba macho kukumbuka. Kosa ni kulijaza halafu ukafuta alama kwamba palikuwa na pengo. Ukungu ni alama. Ngazi-ngazi ni alama. Ubishi wa shangazi na dada nao ni alama. Vyote vinasema: hapa tulikuwa mbali, hatukuona vizuri, haya ndiyo tuliyonayo.

Na kuna njia nyingine ambayo hatuifikirii kwa sababu tumeshaamua kwamba kubwa ndiyo heshima. Zile pikseli 210 kwa 297, zikichapishwa kwa 300 kwa inchi, zinatoa picha yenye upana wa sentimita 1.8. Ukilegeza mpaka 150, unapata sentimita 3.6 kwa 5, karibu picha ya pasipoti. Ni ndogo, lakini inachapika vizuri, na kila kilichomo kilitoka kwake. Mabango ya Mombasa Road nayo huchapishwa kwa pikseli chache sana kwa inchi, na hatulalamiki kwa sababu tunayaona kutoka kwa matatu, mita nyingi kando. Kila picha ina umbali wake wa kutazamiwa. Nyingine zinataka usogee mbali, nyingine zinataka uinamishe kichwa.

Picha ya kwanza kabisa kuingizwa kwenye kompyuta, mwaka 1957 huko Marekani, ilikuwa ya mtoto wa miezi mitatu wa mhandisi Russell Kirsch. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Hizo ni 30,976, nusu tu ya zile nilizokuwa nazo kwenye ile picha ya harusi. Bado ukiitazama unaona mtoto, na unajua kuna siku mtoto huyo alikuwa mbele ya kamera. Hakuna aliyeona haja ya kumpa kope mpya.

Siku hizi mteja akiniletea picha ya marehemu, namwambia mapema picha ina uwezo wa kufika wapi. Akitaka kubwa zaidi, nakuza, lakini simruhusu aondoke kabla mtu aliyemjua marehemu hajakaa kando yangu na kunipinga. Picha ya asili inaingia pia kwenye kijitabu, ndogo, ukurasa wa ndani, na chini yake nimeandika ilipigwa wapi na kwamba ile ya nje imekuzwa. Wachapishaji wa River Road wananiona mtu wa kuchelewesha kazi. Sawa tu.

Lakini kazi hii imenifanya nione mkono ule ule mahali pengine. Sikiliza wasifu unaosomwa makaburini: alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi, aliyemcha Mungu. Ni meno yaliyopangika hayo. Ni maneno yaliyotoka kwa marehemu wengine wote, yakawekwa mahali ambapo hatukujua la kusema. Na walio hai pia tunawafanyia. Mtu akisikia niliacha chuo, hiyo ni pikseli moja. Kabla sijamaliza sentensi ameshajaza 270 zilizobaki, mvivu, bangi, wazazi wanalia, na ananitazama kana kwamba ananiona. Mimi nami nimewahi kumjaza askari, makanga, mtoto wa tajiri, mtu mwenye lafudhi fulani. Tunaona kidogo, halafu tunaona aibu kwamba ni kidogo.

Ungeweza kumwacha mtu akiwa mdogo machoni pako mpaka umkaribie. Hilo si kumdharau. Ni kukiri kwamba umesimama mbali.